Kumpelekea mama vifaa na intaneti Pemba: kipi kitoke Toronto, kipi kinunuliwe huko huko

Kutoka: Mtu wa Wete, Toronto

Assalaam alaykum ndugu zangu,

Bi mkubwa wangu yuko nje kidogo ya Wete, anaishi na mdogo wangu wa kike na wajukuu. Mimi na kaka zangu tumekubaliana tumtengenezee mambo: simu ya kuonana naye uso kwa uso, intaneti ya nyumba nzima, tivii kubwa na blenda. Kuna kontena linafungwa hapa mwezi ujao, na kaka yangu mkubwa anataka tununue vyote huku wakati wa mapunguzo ya Novemba tuvipakie kwa pamoja. Mimi nasita. Waliokwisha kulipitia jambo hili naomba waniongoze kabla pesa haijatoka mfukoni.

Kutoka: Ami wa Chake Chake (nimerudi nyumbani baada ya miaka mingi Uingereza)

Waalaykum salaam mwanangu. Shika hapo hapo uliposita.

Anza na umeme. Kanada na Marekani wanatumia volti 120 na Hz 60 (Hz ni mizunguko ya umeme kwa sekunde). Kwetu ni volti 230 na Hz 50. Kwa hiyo kila kifaa kabla hujakilipia kigeuze usome kibandiko chake. Kikiandikwa 100–240V, 50/60Hz, kichukue, hakina neno. Chaja za simu na za kompyuta karibu zote ziko hivyo. Kikiandikwa 120V peke yake, kiache dukani hata kama wanakigawa bure. Blenda, pasi, birika na jiko la wali za huko nyingi ni za 120V tu.

Kaka yako atakwambia tutaweka transfoma. Transfoma inashusha volti, lakini Hz inaziacha vile vile, na kifaa chenye mota kilichotengenezwa kwa Hz 60 hakiendi sawa sawa kwenye 50. Friji ndiyo usiiguse kabisa. Tena transfoma ya kubeba kifaa cha wati 1,000 ni zito na ni ghali, na siku itafika mtoto atachomoa blenda kwenye transfoma aichomeke ukutani moja kwa moja. Itatoa moshi, mama atapata khofu, na blenda ndiyo basi tena. Na ile adapta ndogo wanayouza viwanja vya ndege inabadilisha miguu ya plagi tu, volti haizigusi. Wengi wanajichanganya hapo. Walioko Uingereza na Oman wana nafuu kubwa: umeme wao unalingana na wetu, na plagi ni ile ile ya miguu mitatu ya bapa.

Tivii nayo inunuliwe huku. Sababu si volti peke yake. Tivii ya Kanada imetengenezwa kupokea matangazo ya antena kwa mfumo wa ATSC, na sisi tunatumia DVB-T2, kwa hiyo tundu lake la antena halitamfaa mama. Itabidi apitishe kila kitu kwenye king'amuzi kwa waya wa HDMI. Halafu fikiria safari yenyewe: meli, bandari, gari, mashua mpaka Mkoani au Wete, gari tena. Kioo cha inchi 55 hakina mwenyewe njiani. Dukani Chake anaiona ikiwaka kabla hajalipa, na ikiharibika anajua pa kuirudisha.

Sasa simu. Hii unaweza kuituma, lakini kwa masharti. Kanada simu mpya zinauzwa bila kufungwa kwa kampuni tangu Disemba 2017, kwa hiyo upande huo umesalimika. Walioko Marekani waulize kwanza, maana huko bado kuna simu zilizofungwa mpaka deni liishe. Jambo la pili ni tundu la laini. iPhone za Marekani tangu namba 14 ya mwaka 2022 hazina tundu la laini hata kidogo, zinatumia ile wanayoiita eSIM peke yake, yaani laini iliyojengwa ndani ya simu, haitolewi wala haiingizwi. Na iPhone 17 ya mwaka 2025, Kanada na nchi za Ghuba ikiwemo Oman zimeingizwa kwenye mkumbo huo huo. Mama anayebadilisha laini kwa kufungua kifuniko na kutia kidole, leo umpe simu isiyo na tundu? Ataitegemea kampuni kila akitaka kuhamisha namba. Kaka yako asimfanyie hivyo.

Kama mnatuma iPhone ya zamani mliyoacha kuitumia, mwenye nayo atoke kwenye akaunti yake ya Apple kwanza, kisha aifute. Ikija na akaunti ya mtu ndani, inajifunga, na fundi wa huku hana ufunguo. Android ina kizuizi kama hicho cha akaunti ya Google. Pia zile iPhone 5s na 6 msizitume kabisa: tangu Mei 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye iPhone isiyofika toleo la mfumo la iOS 15.1, na hizo hazifiki.

Mimi ningemnunulia mama simu ya Android ya bei ya kati, aina ambayo inauzwa na huku. Ikianguka sakafuni, na itaanguka, kioo chake kinapatikana Chake au kinaletwa kutoka Darajani. Simu ya kigeni yenye kioo cha kuagizwa itakaa kabatini. Ikifika, mdogo wako apige *#06# aone namba ya IMEI, ndiyo namba ya utambulisho wa simu yenyewe, aitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, watamjibu ni simu ya aina gani. Jibu lisipolingana na simu aliyoishika mkononi, ajue si halali. Simu bandia zilizimwa nchi nzima mwaka 2016. Laini isajiliwe kwa jina la mama mwenyewe, kwa kitambulisho cha NIDA na alama ya kidole chake. Isiwe kwa jina la jirani, kwa sababu pesa za simu zitapitia hapo.

Kutoka: Khalati wa Mji Mkongwe, Leicester

Ami amesema kweli yote, Mungu amuweke. Mimi nizungumze intaneti, maana hapo ndipo watoto wetu wanapomwaga pesa.

Mwanangu, usinunue rauta kabla hujajua mnara gani unafika nyumba ile. Pemba ni vilima na mabonde; nyumba moja inapata, ya pili ng'ambo ya bonde haipati, na kampuni iliyo nzuri Chake inaweza kuwa si kitu kwenu. Mdogo wako aazime laini za kampuni mbili tatu kwa majirani, azunguke nazo nyumbani: barazani, chumbani kwa mama, uani, dirisha la juu kama lipo. Apige simu ya video kila pembe. Na asifanye saa nne asubuhi watu wako makazini. Afanye baada ya isha, pale kila mtu yuko mtandaoni. Kinachoshika saa hiyo ndicho cha kununua. Rauta wainunue kwa kampuni hiyo hiyo, waiweke pale penye mawimbi mazuri hata kama ni juu ya kabati la vyombo. Rauta ya laini kutoka Amerika ya Kaskazini inaweza kuwa na masafa yasiyolingana yote na ya kwetu, mkabaki na boksi zuri linalowaka taa tu.

Wenye nyumba Mji Mkongwe mna mtihani mwengine. Ukuta wa mawe na chokaa ni mnene, Wi-Fi haupiti. Nyumba yetu rauta iko ukumbini na chumba cha pili hakuna kitu. Dawa yake ni kumwita fundi apitishe waya mpaka ghorofa ya juu aweke kituo cha pili huko. Vile vifaa vya kuongeza mawimbi vya kuchomeka ukutani havikusaidia mbele ya ukuta ule.

Lakini lililo kubwa kuliko yote: nani analipa bando kila mwezi? Nawasihi mlijibu hili kabla ya kununua chochote. Watoto wanaleta rauta, tivii janja, kila kitu, kisha mzee anakatwa intaneti tarehe ishirini na anaona haya kuwaambia. Simu ya mama ndiyo inakaa kimya, na nyinyi mnafikiri hajisikii kuzungumza. Mpangieni kama mnavyompangia dawa. Mmoja wenu awe na jukumu, kwa tarehe inayojulikana.

Na tivii ndiyo mlaji. Picha ya HD inakula kama GB 3 kwa saa, picha ya kawaida kama GB 1. Bando la GB 30 kwa HD ni saa kumi tu za katuni za wajukuu. Mwekeeni kwenye YouTube ubora wa chini, na kwenye WhatsApp ya mama zimeni ile hali ya video kujipakua zenyewe. Makundi ya kheri na mawaidha yanatuma video asubuhi mpaka usiku, zinajaza simu na kumaliza bando naye hajafungua hata moja. Humo humo kwenye mipangilio mna pa kupunguza data kwa simu za kupiga, washeni.

Kutoka: Mtu wa Mkoani, Muscat

Salaam. Langu fupi. Umeme ukikatika hauharibu kitu. Unaharibu ukirudi, kwa sababu volti zinapanda na kushuka. Friji na tivii ziwekewe kile kifaa cha kulinda kinachochelewesha umeme dakika chache mpaka utulie. Kinauzwa kila duka la umeme na bei yake ni ndogo sana mbele ya friji. Walioishi Unguja mwaka 2008, umeme ulipozimika karibu mwezi mzima, na tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, wanajua thamani ya kujitayarisha. Sisi Pemba tulikuwa na majenereta ya Wesha mpaka waya wa baharini kutoka Tanga ulipofika 2010. Hali si ile tena, alhamdulillah, ila kukatika kupo.

Na mama asitegemee intaneti peke yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa wakati mmoja, na Tanzania nzima ikapata taabu ya mtandao. Nilimpigia mzee wangu simu ya kawaida tu, nikaisikia sauti yake, nikatulia. Awe na dakika za kawaida kwenye laini yake kila wakati, na namba zetu ziwe zimeandikwa kwenye karatasi ukutani.

Kutoka: Mtu wa Wete, Toronto

Allah awalipe kheri nyote. Nimemsomea kaka yangu barua zenu, blenda na tivii ameziacha. Mdogo wetu jana usiku amezunguka na laini tatu. Moja imeshika vizuri barazani na chumbani kwa mama, hizo mbili nyengine hazikufaa. Maswali mawili yamebaki. Umeme ukikatika rauta nayo inazima, kuna dawa? Na kaka anauliza lile dishi la setilaiti la Starlink, ambalo Kenya linatumika tangu 2023, tulitie kwenye kontena?

Kutoka: Ami wa Chake Chake

Dishi msilitie kontenani mpaka muulize TCRA wenyewe kama limeruhusiwa na kwa utaratibu gani. Kutumika Kenya hakulifanyi liruhusiwe kwetu. Kifaa cha mawasiliano bila ruhusa kinaweza kuzuiwa bandarini, na aliyeandikwa kupokea mzigo ni mama yenu.

Rauta dawa yake ni rahisi. Nyingi zinatumia volti 12 na zinakula kama wati 10 hivi. Kuna betri ndogo za kuhifadhia umeme zilizotengenezwa kwa rauta, zina tundu la volti 12; inakaa kati ya chaja na rauta, umeme ukikatika inashika yenyewe. Betri ya mAh 20,000 ni kama Wh 74, yaani inaweza kutoa wati 74 kwa saa moja. Toa kinachopotea njiani, mtapata saa tano au zaidi. Hakikisheni kabla ya kununua kwamba volti za betri na za rauta ni sawa na plagi yake inaingia.

Ila hiyo nayo msiitie kwenye kontena wala sanduku la chini la ndege. Betri za lithiamu zinabebwa mkononi ndani ya ndege, na mpaka Wh 100 hazihitaji ruhusa ya shirika. Ya mAh 30,000 inafika Wh 111, kwa hiyo hiyo itahitaji kuombewa ruhusa. Mimi nashauri mchukue ya 20,000. Khalati wa Leicester anakuja Unguja kabla ya Ramadhani. Mkimfikishia yeye, mimi nitaipokea bandarini na kuileta Wete, nimuwekee mama na rauta yake siku hiyo hiyo. Mdogo wako anipigie mchana kunielekeza njia ya nyumbani.

Kutoka: Khalati wa Mji Mkongwe, Leicester

Naibeba. Ileteni na risiti yake na kibandiko cha Wh kikisomeka, kwa sababu uwanja wa ndege wanakitizama. Na bando la mwezi wa kwanza mmeshaamua nani?

Kutoka: Mtu wa Wete, Toronto

Kaka mkubwa. Kila tarehe moja, na mimi zamu yangu akisafiri.