Majani ya mpunga na urea: kuna aliyejaribu kwa ng'ombe wa maziwa?

Kijana_wa_Kibosho:
Wakuu habari. Nafuga ng'ombe wawili wa maziwa huku Kibosho, wa kufungia ndani. Kiangazi kikikaza tunashuka tambarare kutafuta mabua, na safari hii nimepata marobota 40 ya majani ya mpunga kutoka Mabogini kwa bei nzuri. Shida hawayataki. Wanachambua, wanayalalia, na maziwa yanashuka. Nasikia wapo wanaoyalainisha kwa mbolea ya urea. Jirani ananiambia nitaua ng'ombe. Ukweli ni upi, na kipimo chake?

Mzee_wa_Pumba:
Mkuu achana na mbolea, hiyo ni ya mahindi. Ongeza pumba na mashudu, ukipata machicha ya mbege wape. Maziwa yatarudi.

MamaMtamba:
Mwanangu, jirani yako anaogopa kitu cha kweli. Ng'ombe akilamba urea yenyewe, au akinywa yale maji uliyoikorogea, anaweza kufa ndani ya saa chache. Majani yaliyofungiwa na urea wiki tatu ni habari nyingine. Humo ndani urea inageuka amonia, na amonia ndiyo inayolegeza ugumu wa jani mpaka vijidudu vya tumboni viweze kulimeng'enya. Protini nayo inapanda: majani ya mpunga yana kama asilimia 4, yakitengenezwa vizuri yanafika 7 au 8.

Kipimo ni kilo 4 za urea kwa kila kilo 100 za majani makavu, na maji lita 50 hivi. Usikadirie kwa macho, pima robota moja kwenye mizani. Yakiwa ya kilo 15, hayo 40 ni kilo 600: urea kilo 24, pungufu kidogo ya nusu ya mfuko wa kilo 50, na maji madebe 15. Na dukani wasikupe CAN eti zote ni mbolea. Ile ina naitreti, itakuletea msiba mwingine.

Tandika nailoni nzito chini, panga majani tabaka kwa tabaka, kila tabaka unanyunyizia kwa kopo la kumwagilia bustani kisha unakanyaga. Mimi huwaita watoto wa jirani wakanyage, wanaona ni mchezo. Koroga urea mpaka iyeyuke yote, chenga zisibaki chini ya ndoo, na ndoo hiyo ikae mbali na zizi. Funika, kandamiza kingo kwa udongo, hewa isipite kabisa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: nailoni ina tundu, amonia inatoka, ukungu unaingia. Siku 21 zinatosha huko chini kwenye joto. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba mimi naacha wiki nne.

Ukifungua, harufu ikuchome macho na majani yawe ya kahawia. Yenye ukungu tupa. Toa ya kesho tu na ufunike lundo tena, kisha uliyotoa yatandaze usiku kucha yapungue ukali.

Binti_Tambarare:
Mama, na ndama wangu wa miezi minne? Punda je?

MamaMtamba:
Ndama hapana, subiri apite miezi sita, tumbo lake la kucheua halijakomaa. Punda hacheui kabisa, mpe makavu hivyo hivyo. Na ukiona ng'ombe anatoka povu, anatetemeka na tumbo linajaa, piga simu kwa daktari wa mifugo palepale, na umwambie wazi kwamba umetumia urea. Mimi siki haikosekani nyumbani, maana ndiyo anayoiulizia kwanza, ichanganywe na maji baridi mengi.

Kijana_wa_Kibosho:
Shikamoo mama. Nimekuelewa, nailoni naifuata Jumamosi mjini. Hawatayakataa kwa ile harufu?

MamaMtamba:
Marahaba. Siku ya kwanza watanusa na kugeuza shingo. Changanya kidogo na matete au mgomba uliokatwakatwa, uongeze taratibu wiki moja mpaka mbili. Asiyeyazoea usimwachie ajaze tumbo kwa mkupuo, hasa akiwa na njaa.

Na Mzee wa Pumba usimpuuze. Majani haya yatamshibisha na kumzuia asikonde, lakini lita kumi za maziwa hazitoki kwenye mpunga. Pumba na mashudu wakati wa kukamua viendelee, jiwe la chumvi liwepo. Maji nayo uongeze, wakiyapenda majani haya watakunywa kuliko ulivyozoea.

Mzee_wa_Pumba:
Haya mama, umeshinda. Hiyo nailoni nzito mita inauzwaje siku hizi?