Ukingo wa rangi kwenye picha za harusi: wa kushoto uwe mnene kuliko wa kulia, nifanyeje?

TaaYaJahazi (Lamu): Assalaam aleikum wana jamvi. Nina picha 40 za harusi, nazitia ukingo wa rangi kabla ya kuzipeleka Malindi kusafishwa. Mama wa bibi arusi ataka rangi ya pindo la kanga aliyomfunga mwanawe. Natumia programu ya GIMP. Nitafanyaje ukingo wa kushoto uwe mnene kuliko wa kulia, na usionekane kama makosa? Amana nishalipa, picha zatakikana Ijumaa. Usingizi siupati.

FundiWaShela: Kaka, anza na karatasi kwanza. Inchi 6 kwa 4, kwa nukta 300 kila inchi, ni pikseli 1800 kwa 1200. Ukiongeza 60 kila upande utapata 1920 kwa 1320, na umbo hilo halilingani tena na karatasi. Dukani watakukatia au watakuachia weupe. Punguza picha iwe 1680 kwa 1120, nyoa 40 za kimo ibaki 1080, kisha menyu ya Image, Canvas Size, andika 1800 kwa 1200, picha ikae katikati. Chini yake weka leya ya rangi. Pikseli 60 ni milimita tano tu, na mashine zinazochapa hadi ukingoni hula kidogo, basi usiufanye mwembamba zaidi ya hapo. Na uhifadhi kwa jina jingine! JPEG ikihifadhiwa juu ya ile ile kila mara huchakaa.

MamaKisutu: Kanga yenyewe ni ipi? Kama ni kisutu, chukua nyekundu yake. Nyeusi usiizungushe kwenye picha ya arusi, mwanangu, itakuwa kama tanzia. Lakini pindo la kanga huzunguka mji, yaani katikati yake, pande zote. Kwa nini kushoto kuwe kunene?

TaaYaJahazi: Ni pambo tu, mama. Fundi, shukran, lakini hesabu yako ni ya kingo sawasawa.

FundiWaShela: Basi isogeze picha kulia, ndiyo hiyo tu. Ila itaonekana imekosewa, sikufichi.

TaaYaJahazi: Kuisogeza hakutoshi. Nataka rangi ipande juu ya picha yenyewe, pikseli 300 hivi.

MzeeMkomani: Picha za marehemu baba zilikuwa na kingo nyeupe zenye meno kama stempu, tulizihifadhi kwenye sanduku la mkangazi. Moja ilikatwa kwa mkasi. Baba kasimama peke yake, na begani pana mkono wa mtu. Mwenye mkono hayupo. Mpaka leo hatumjui, na waliomjua washakufa. Pikseli 300 hizo zina nani?

TaaYaJahazi: Kuna mtu kasimama pembeni. Aliyenilipa hataki aonekane. Ni mama wa kambo wa bibi arusi. Mimi ni wa kazi tu, mwenye pesa ndiye asemaye, na ukingo si uongo.

MzeeMkomani: Mkono wake uko wapi?

TaaYaJahazi: Begani kwa bibi arusi. Picha 11 kati ya 40.

MamaKisutu: Subhanallah. Na nani aliyemlea msichana huyo?

TaaYaJahazi: Huyo wa pembeni, tangu akiwa na miaka minne. Lakini mamake naye ana uchungu wake, jamani, msimhukumu. Mlangoni tu hawakusalimiana.

BaharMalindi: Mimi siamini. Harusi ya Lamu, usiku wa kupamba, wa wanawake watupu, mwanamume aingie na kamera? Simu zenyewe huzuiwa mlangoni. Hadithi hii imetungwa, mnachosha vidole bure.

FundiWaShela: Bahar kasema kweli. Kaka, ulipita wapi?

TaaYaJahazi: Mimi ni mwanamke. Hakuna aliyeuliza. Hii ndiyo kazi yangu, kupiga picha za wanawake wenzangu ndani, kwa sababu hazitoki nje ya nyumba. Hata Malindi nazipeleka mwenyewe, kwa dada mmoja anayezichapa akiwa peke yake. Nikimuudhi mama mmoja, sitaitwa tena mtaa mzima.

FundiWaShela: Samahani dada.

BaharMalindi: Samahani. Lakini basi picha za kupamba zichapwe 40 za nini? Kwetu hazitolewi kabisa.

MamaKisutu: Bahar, hilo tufungulie uzi wake. Dada, ikiwa lazima umtii aliyekulipa, basi usifiche kwa rangi. Chagua zile 29 asizokuwamo, uzitie ukingo sawasawa, na hizo 11 umwambie waziwazi kuwa huziharibu. Mkono wenye mwili uliofunikwa utaonekana zaidi ya mwili wenyewe.

TaaYaJahazi: Nilishazifunika sita, mama. Zilitoka nzuri, rangi imelingana kabisa na pindo. Ila vidole vimebaki. Nikivifunika, nafunika na bega la bibi arusi.

FundiWaShela: Hizo sita ulihifadhi kwa jina jingine?

*(siku ya pili)*

TaaYaJahazi: Bibi arusi kanipigia asubuhi. Ataka nakala zake, zisizo na ukingo, zote 40. Sijui nani kamwambia. Sijamjibu.

MzeeMkomani: Unazo bado?

TaaYaJahazi: Zimo kwenye kadi ya kamera. Sikuifuta.