Nimetakiwa kuwa mkuu wa idara ya watoto. Nitawaachaje wagonjwa?

DaktariWaZamu:
Habari za kazi, ndugu zangu. Mwaka huu natimiza miaka 9 nikiwa daktari bingwa wa watoto. Juzi uongozi uliniita, ukanitaka nishike ukuu wa idara. Tangu hapo usingizi umekuwa wa kuvizia. Kumtafutia mtoto mchanga mshipa usiku wa manane najua. Bajeti na ratiba za zamu sizijui. Naogopa kugeuka mtu wa vikao. Aliyepita njia hii anieleze: kazi yenyewe ni nini hasa?

MkongweWaWodi:
Hongera Daktari, na pole pia. Mimi niliongoza idara ya watoto miaka 14.

Mwezi wa kwanza nilishinda ofisini nasaini makaratasi. Asubuhi moja nikapita mapokezi, nikamkuta mama kwenye foleni ya kadi, mtoto kamlalia begani. Nikamshika mtoto kiganja: baridi. Nikambonyeza ukucha wa kidole gumba, nikaachia. Weupe ule ukakaa, ukakaa, damu hairudi. Tukamkimbiza ndani, oksijeni, dripu, sukari ikapimwa palepale. Alipona. Lakini jioni nilijiuliza ni wangapi walisimama kwenye foleni ile kabla sijapita. Foleni ile ilikuwa na mwenyewe, naye ni mimi.

Tukahamishia meza ya muuguzi wa triaji, yaani anayechuja nani ahudumiwe kwanza kwa uzito wa hali yake, mlangoni, kabla ya dirisha la kadi. Mwenye dalili ya hatari anaingia, kadi itamfuata. Blantyre, Malawi, Profesa Elizabeth Molyneux na wenzake walipanga upya mapokezi ya watoto mwaka 2001 na kuwafunza wahudumu triaji. Vifo vya watoto waliolazwa, vilivyokuwa asilimia 10 hadi 18, vilishuka na kuwa kati ya 6 na 8. Hiyo ndiyo kazi unayoitiwa.

Na siku moja kila wiki iwe ya raundi, kupita wodini kitanda kwa kitanda. Usiiuze kwa kikao chochote.

SistaWaUsiku:
Mzee kasema kweli. Mimi ni muuguzi wa watoto wachanga. Kuna mkuu wetu mmoja alikuja saa nane usiku, akaniuliza, "Sista, leo nini kinakukwamisha?" Nikamwambia mizani imeharibika siku ya tatu, na dozi zetu zote huenda kwa kilo, nukta ikihama nafasi moja tu, mtoto anapata dawa mara kumi. Hakufoka. Kesho yake mizani ilikuja, na jedwali la dozi likabandikwa juu ya meza ya dawa. Toka hapo tukawa tunamwambia mambo kabla hayajaharibika.

DaktariWaZamu:
Asanteni mno. Na bajeti nijifunze kwa nani?

MkongweWaWodi:
Kwa mhasibu wa hospitali. Ila kwanza mlete wodini nusu siku, halafu wewe nenda ukakae ofisini kwake. Wangu alipoona watoto wawili wanagawana mtungi mmoja wa oksijeni, fungu la oksijeni hatukuhitaji kulipigania tena.