Kanikata dakika 40 kwa sababu nilikuwa NAFIKIRI!!!

Wakuu, salamu baadaye. Naandika mikono inatetemeka.

Huyu mteja wetu mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule anayetufungisha programu ya kuhesabu saa, inapiga picha ya skrini kila dakika 10 na kuhesabu umegonga kibodi au kusogeza mausi mara ngapi. Juzi natafsiri fomu ya ridhaa ya utafiti wa dawa. Nikafika pale wagonjwa wanapogawanywa makundi. Ukiandika "kwa bahati nasibu", bibi wa kijijini atajua kashinda zawadi! Nikaacha kibodi, kamusi mapajani, nikampigia dada yangu muuguzi, tukabishana weee. Mwisho nikapata: "kama kurusha shilingi juu". Maneno manne, na bibi ataelewa.

Leo asubuhi nafungua meseji. Picha nne za skrini yangu, kila moja kazungushia DUARA JEKUNDU penye sufuri. Chini kaandika: "Ulikuwa umelala?"

Duara jekundu, wakuu! Kama daftari la darasa la tatu! Miaka 11 natafsiri! Huyu akimwajiri mvuvi atamlipa kupiga kasia tu, kusubiri samaki ni uvivu. Na dola 4 zangu kakata.

Eti nimelala. Mimi ninayekesha kila Jumatatu mpaka saa tisa usiku, kwa kuwa wiki yao inafungwa saa sita usiku ya Greenwich!

Kibajaji: Pole mkuu, ila umejitakia. Funga mausi kwenye feni inayozunguka, weka namba 1, kalale. Mimi mwaka wa pili huu sijawahi kuona sufuri.

Mama Ndizi: Ndio nyie mnaofanya tupigwe picha kama wahalifu.

Kibajaji: Bi mkubwa, feni yangu inakuhusu nini?

Hesabu Kali: Dola 4 ndio unafungua uzi? Dukani kwetu tuko watu sita, bosi kaweka programu ya simu, unaripoti kwa selfi ukiwa mlangoni. Jana mvua, Jangwani maji yamejaa, nimepiga selfi saa 2:07 suruali imelowa mpaka magotini. Kakata nusu siku. Dakika 7!

Msikilizaji_254: Shukuru Mungu unahesabiwa saa. Huku Nairobi kwenye kunakili sauti tunalipwa kwa dakika ya rekodi. Mahojiano ya saa moja yanakula saa nne za kuandika. Wakirekodia hotelini vijiko vikigongana, ni sita, na malipo ni yaleyale.

Mleta mada: Someni vizuri jamani. Hoja si dola 4. KANIZUNGUSHIA DUARA. Kazi yangu ni kufikiri, kibodi inakuja mwisho!

Kibajaji: Duara lilikuwa kubwa au dogo?

Mama Ndizi: Mwacheni. Mimi kinachoniua ni bando. Zile picha zinapanda mtandaoni kutwa nzima, ya wiki inakata Jumatano. Mteja halipii hata senti.

Msikilizaji_254: Bando usiseme, dada. Mimi faili moja la sauti lilinimalizia yote.

Hesabu Kali: Hakuna anayenijibu. Nusu siku kwa dakika 7 ni halali?

Mleta mada: Fungua uzi wako, mkuu.

Mgeni Humu: Samahani Kibajaji, hiyo feni ni ya kusimama au ya mezani?