Ushauri: Amaro ya baba mkwe imenishinda, inanywewaje?

MkazaMwana: Habarini wakuu. Nimeolewa huku Bologna, na kila Jumapili tunakula kwa wakwe. Chakula kikiisha tu, baba mkwe anatoa chupa ya amaro, ile pombe chungu ya Kiitaliano, aina ya Montenegro, na viglasi vidogo. Juzi niliipiga yote kwa mkupuo kama watu wanavyopiga Konyagi. Ilianza tamu, yenye harufu ya machungwa, halafu uchungu ukapanda kooni mpaka machozi yakanitoka. Mzee hakusema kitu, akaifunga chupa taratibu akairudisha kabatini. Hapo ndipo paliponiuma. Inanywewaje hasa? Na nikikataa, nitakuwa nimemkosea heshima?

KauntaMilano: Pole dada. Mimi niko kaunta ya baa hapa Milano. Amaro maana yake ni chungu, kwa hiyo usingoje uchungu uondoke, ndio wenyewe walioufuata. Ni pombe iliyolowekwa mizizi, majani na maganda, kisha ikatiwa sukari. Ya kushushia chakula hiyo, si ya mkupuo. Chukua funda dogo, litulize ulimini, utamu upite, uchungu uje, ndipo umeze na kutoa pumzi puani. Kiglasi kimoja kinakaa robo saa na maongezi yake. Tena una bahati, Montenegro ni laini, asilimia 23 tu. Ni ya hapo hapo Bologna, Stanislao Cobianchi aliianzisha 1885, na jina ni heshima kwa Elena wa Montenegro, aliyekuja kuwa malkia wa Italia. Muulize mzee habari hiyo uone kama hatafungua chupa mwenyewe.

BintiPemba: Mimi iliyonikomesha ni amaro nyingine, Fernet-Branca. Tunasema chungu kama shubiri, basi humo shubiri imo kweli! Na manemane, na zafarani. Asilimia 39. Usiiguse mpaka ulimi uzoee. Pitia kwanza Averna ya Sicily, ina utamu wa sukari iliyoungua. Mimi naitia barafu mbili na ganda la chungwa.

Mkunazi: Barafu inaua harufu, jamani. Tumia glasi tupu.

KauntaMilano: Inategemea chupa, mkuu. Vecchio Amaro del Capo ya Calabria inatolewa kwenye friza, baridi kabisa. Braulio ya milimani kule Bormio ndiyo siiwekei barafu, ina harufu ya msitu. Campari na Aperol ni za kabla ya kula, msizichanganye na hizi.

MamaWawili: Dada, kukataa si kosa. Sema "grazie" (asante) kwa tabasamu, omba kahawa, kaa naye mezani. Na wakikwambia ni dawa ya tumbo, usikubali. Pombe ni pombe. Kama una mimba au unameza dawa, iache kabisa.

MkazaMwana: Nimerudi kutoa mrejesho. Sina mimba, nilikunywa. Nilimuuliza habari za malkia Elena, akasimama, akaleta chungwa, akamenya ganda jembamba kwa kisu cha mfukoni. Alilikunja juu ya glasi yangu, nikaona vitone vya mafuta vikitua juu ya kinywaji. Funda la kwanza uchungu ule ule, la tatu nikaanza kusikia karafuu. Karafuu, huku Bologna! Nikamsimulia jinsi zinavyoanikwa mikekani nyumbani. Safari hii chupa ilibaki mezani mpaka saa kumi.