Nyuma ya Hilux: mifuko ya upepo au jani la ziada?

Mpakiaji wa Lushoto: Ndugu zangu, salaam. Hilux yangu inakaa chini nyuma kila ninapopakia matenga ya nyanya, hata taa za mbele zinamulika matawi ya miti badala ya barabara. Fundi wangu anashauri niongeze jani moja la chuma katika kila springi, ilhali rafiki yangu anasisitiza nifunge mifuko ya upepo, ile ya mpira inayokaa kati ya chesisi na springi, ikajazwa na kupunguzwa kulingana na mzigo. Fedha ipo na ninataka kazi ifanyike wiki hii. Nichague lipi?

Fundi Springi: Ndugu, hukutueleza yaliyo muhimu. Gari ni la mwaka gani, unapakia kilo ngapi, na safari ngapi linarudi tupu? Likiwa halina mzigo, majani bado yana upinde au yamenyooka? Kama yamenyooka, mifuko itaficha ugonjwa tu.

Mama Matenga: Mimi naitetea mifuko. Nilitumia jani la ziada miaka mitatu. Kwenye mzigo lilifaa, lakini gari likirudi tupu lilinirusha kwenye kila tuta hata mgongo ukauma. Sasa nikishusha mzigo ninapunguza upepo hadi psi 5, wala siumalizi wote, kwa sababu mpira usio na upepo hujikunja na kubanwa kati ya chesisi na springi.

Dereva wa Soni: Nami nilifunga, na nusura nijute maisha yangu yote. Fundi aliunganisha mifuko yote miwili kwa bomba moja lenye njia tatu, ili nijaze kwa valvu moja. Kwenye barabara iliyonyooka sikuona kasoro. Nilipoanza kuteremka kutoka Soni kwenda Mombo, kona ya kwanza ya kulia mzigo uliegemea kushoto, mfuko wa kushoto ukabanwa, na upepo wake ukakimbilia wa kulia, ukauinua upande ambao tayari ulikuwa juu. Nilisikia matenga yakisaga ubao wa pembeni, kisha tenga la juu likapasuka na nyanya zikamwagika barabarani. Nilishuka mteremko wote uliobaki kwa gia ya kwanza, huku utingo akitembea nyuma na kuniita kila gari lilipoinama.

Fundi Springi: Pole sana, kaka. Kila mfuko lazima uwe na bomba na valvu yake. Tena mfuko usikae karibu na ekzosi, maana joto hukausha mpira hadi upasuke. Kuna pia jambo ambalo wengi hulisahau: Hilux nyingi zina valvu ya breki iliyofungwa kwa ufito hadi kwenye ekseli, ambayo mwili wa gari ukishuka huruhusu nguvu zaidi ya breki kwenda nyuma. Ukiinua nyuma kwa upepo, valvu hiyo huchukulia kwamba gari ni tupu, na breki za nyuma hupungua nguvu ilhali mzigo upo palepale.

Mama Matenga: Samahani, fundi, lakini jani la ziada nalo linainua nyuma. Kwa nini lawama iwe ya mifuko peke yake?

Fundi Springi: Ni kweli, mama, na ufito huo urekebishwe kwa vyovyote vile. Ila upepo hubadilika kila safari, na ufito haubadiliki nao.

Dereva wa Soni: Mwenye gari bado hajasema uzito. Upepo hauongezi hata kilo moja kwenye uwezo wa ekseli. Mzigo ukining'inia nyuma ya ekseli, mfuko unaibeba chesisi mahali pamoja, katikati ya ncha mbili za springi, na hapo ndipo huweza kupinda.

Mpakiaji wa Lushoto: Niwieni radhi kwa kuchelewa. Gari ni la mwaka 2009, na mzigo sijawahi kuupima. Ninahesabu matenga tu. Leo asubuhi nimelala chini yake na tochi: majani ya kulia yamenyooka kabisa, na la pili lina ufa karibu na bolti ya katikati. Je, kuna anayekunja springi vizuri Korogwe au Tanga?

Fundi Springi: Jani lenye ufa halikunjwi, ndugu yangu. Usipakie kesho. Tafuta springi nzima, pande zote mbili, kisha urudi tuzungumze habari ya upepo.

Mpakiaji wa Lushoto: Za dukani ni ghali mno. Zilizotumika zinafaa?