Viwanja vya ofisi ya halmashauri: vitofali au miti?

Mlipakodi: Ndugu wanajukwaa, baraza la madiwani la halmashauri yetu ya mji linajadili kuboresha viwanja vya jengo la halmashauri kwa mapato ya ndani, na pendekezo lililopo ni kukata miarobaini iliyozeeka na kutandaza vitofali hadi ukutani. Je, ni sahihi?

Fundi Mstaafu: Vitofali vyenyewe si tatizo, ila uwanja wote ukifunikwa maji ya mvua hayatapata pa kuzama, yatakimbilia barabarani au kurudi kwenye msingi wa jengo, hivyo mfereji na mwinamo vitangulie. Miarobaini iachwe, maana wananchi wanaosubiri huduma hukaa chini yake, wala sijaona hema linaloshinda kivuli hicho.

Bi. Mipango: Naongeza kwamba Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike, kwa hiyo njia ya mteremko kwa viti vya magurudumu haipaswi kuwa pambo la mwisho bajeti ikibaki. Vitofali vingeweza kununuliwa kutoka kwa vikundi vya vijana na wanawake vinavyokopeshwa kutoka ile 10% ya mapato ya ndani inayotengwa na halmashauri.

Mlipakodi: Nashukuru. Mikutano ya baraza iko wazi kwa wananchi, ingawa hatuchangii mjadala. Nitampelekea diwani wetu hoja ya mfereji kwa maandishi.